Nahodha wa Palace aliyenyonga baiskeli kusaka tiba

Mashabiki wa zamani wa Ligi ya England wanamkumbuka Geoff Thomas, kiungo aliyekuwa nahodha wa Crystal Palace kwenye fainali ya Kombe la FA 1990. Walitoka sare ya 3-3 na Manchester United, kisha wakalala 1-0 katika mechi ya marudiano.

Lakini mechi yake ngumu zaidi ilikuja akiwa ameshatundika daluga. Mwaka 2003 alikutwa na saratani ya damu. Dada yake ndiye aliyemchangia seli shina za kupandikizwa.

Mwaka 2005, afya ilipoanza kurudi, jamaa akawaita washkaji wanne, wakapanda baiskeli. Njia yenyewe? Ileile ya Tour de France: hatua 21, zaidi ya kilomita 3,500. Humo kuna Galibier kule Alps, barabara inayopanda hadi zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Ukichoka hakuna wa kuingia badala yako. Ni kunyonga tu, huku watu wakichangia fedha za kupambana na ugonjwa huo.

Hakuishia hapo. Ameirudia safari hiyo mara kadhaa, na lengo ni lilelile: mgonjwa mwingine naye apate nafasi aliyoipata yeye.