Takwimu za Kaikor Zinavyofika Nairobi, na Programu Huria Zinazozibeba

Kila mwisho wa mwezi, katika kituo cha afya kama kile cha Kaikor, muuguzi hufungua rejista na kuanza kuhesabu. Ni watoto wangapi wamepata chanjo ya kwanza ya pentavalenti? Wangapi wamefikia ya tatu? Walio chini ya miaka mitano waliotibiwa malaria, kuhara au nimonia ni wangapi? Majibu huandikwa kwenye fomu za jumla: MOH 710 kwa chanjo, MOH 705A kwa magonjwa ya watoto. Fomu hizo hutakiwa kufika ofisi ya afya ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na kufikia tarehe 15 ziwe zimeingizwa kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya.

Mkazi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu mipango ya chanjo na dawa, na kugundua mapema kwamba ugonjwa umezuka, hutegemea takwimu hizo. Fomu isipofika, kompyuta haisomi sifuri, inasoma pengo. Sifuri ni habari: mwezi huu hatukupata mgonjwa wa surua. Pengo halisemi lolote. Huenda lagga ilijaa maji na pikipiki haikuvuka, huenda mtandao ulipotea, huenda kweli hakuna aliyeugua. Anayesoma akiwa Lodwar au Nairobi hawezi kujua ni lipi kati ya hayo.

KHIS imejengwa juu ya programu iitwayo DHIS2, ambayo Kenya ilianza kuitumia nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Mizizi yake iko Afrika Kusini, katika miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na leo kazi ya kuiendeleza inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. DHIS2 ni programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yake ya ndani yako wazi, nchi yoyote inaweza kuyachukua, kuyasoma na kuyarekebisha bila kununua leseni.

Upo mfumo mwingine ambao Wakenya wanastahili kuujua zaidi, nao ni OpenMRS. Huu hauhesabu watu kwa jumla, unaweka rekodi ya mgonjwa mmoja mmoja. Wazo lake lilipata nguvu mwaka 2004, madaktari wa mpango wa AMPATH unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi walipoona wagonjwa wa virusi vya ukimwi wanaongezeka kuliko karatasi zinavyoweza kubeba. Mfumo ulianza kazi Eldoret Februari 2006, na mwaka huohuo ukaingia Rwanda na Afrika Kusini. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, ni mtoto wa OpenMRS, na matoleo yake ya karibuni yamechukua sura mpya ya OpenMRS 3. Kwa hiyo programu inayotumika leo katika nchi nyingi duniani ilianza kutumika kilomita mia kadhaa kusini mwa Lodwar.

DHIS2 na OpenMRS zote mbili zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na zote zinategemea programu nyingine ambazo muuguzi hazioni kabisa. Hizi ndizo programu za katikati. Fikiria dalali wa mbuzi sokoni. Mbuzi si wake, pesa si zake, lakini mfugaji anayezungumza Kiturkana na mnunuzi aliyetoka mbali wanaelewana kupitia yeye. Tomcat hupokea maombi yanayotoka kwenye simu na kompyuta na kuyapeleka ndani. Spring hupanga kazi ipi ifanywe na sehemu ipi. Hibernate hutafsiri kati ya programu na ghala la data. Zote tatu ni huria, na tofauti na dalali, hazichukui kamisheni.

Nakiri kwamba kabla ya kuandika makala haya nilidhani kitu cha bure hakina gharama. Desemba 2021 ilionyesha vinginevyo. Kasoro kubwa iligunduliwa katika Log4j, kipande kidogo cha Java ambacho kazi yake ni kuandika kila kinachotokea ndani ya mfumo, kama daftari la OB katika kituo cha polisi. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kutuma sentensi fulani, na daftari lilipoiandika, kompyuta ingeitii kama amri. Kipande hicho kilitumiwa na benki, serikali na kampuni kubwa duniani, ilhali walioitunza walikuwa watu wachache wa kujitolea. Marekebisho yalipatikana ndani ya siku chache, na waendelezaji wa DHIS2 walitoa matoleo yaliyorekebishwa mwezi huohuo. Lakini tiba hiyo ilimsaidia tu yule aliyeiweka kwenye seva yake. Mtaalamu wa kufanya kazi hiyo hulipwa mshahara, na seva inahitaji umeme.

Mabadiliko mengine yamekuwa ya majina na pesa. Mwaka 2017 kampuni ya Oracle iliikabidhi taasisi ya Eclipse Foundation sehemu ya Java inayotumiwa na mashirika makubwa, lakini ikabaki na jina. Sehemu hiyo sasa inaitwa Jakarta EE, na tangu toleo la 2020 kila programu inayoitegemea imelazimika kubadilisha majina ndani ya maandishi yake, sawa na mji uliobadilishwa jina kulazimika kupaka upya kila kibao. Kisha Januari 2023 Oracle ilianza kutoza Java yake kwa kuhesabu wafanyakazi wote wa mwajiri, hata wasiogusa kompyuta. Kwa mwajiri mwenye maelfu ya wauguzi, walimu na madereva, hesabu hiyo inatisha. Njia ya kuiepuka ipo: OpenJDK, Java huria isiyo na ada, ambayo DHIS2 na OpenMRS hufanya kazi juu yake bila tatizo.

Turudi Kaikor. Tuseme mtoto amepata pentavalenti ya kwanza hapa akiwa na wiki sita. Kabla ya wiki ya kumi, adakar inahama kuelekea Kibish kufuata malisho. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka mifumo ya afya iweze kupashana habari, na siku itakapofika kila zahanati, muuguzi wa huko ataweza kuiona rekodi ya mtoto huyo. Kwa sasa ni vyema wazazi waelewe kwamba KHIS haina jina la mtoto wao. Inajua dozi ngapi zilitolewa Kaikor mwezi ule, haijui zilitolewa kwa nani.

Kwa sababu hiyo, kijitabu cha mama na mtoto ndicho rekodi inayohama na adakar, na kinapaswa kuonyeshwa katika kila kituo mnachofika, hata nje ya kaunti ndogo. Mtoto aandikishwe kwa jina lilelile kila mahali. Chanjo za wiki ya 10 na ya 14 zinaweza kutolewa katika kituo chochote cha umma kinachotoa chanjo, vilevile ya surua katika miezi 9 na 18. Kijitabu kikipotea, mzazi arudi au atume ujumbe kwenye kituo kilichotoa chanjo ya kwanza, akitaja jina la mtoto na mwezi aliochanjwa. Jina lake liko kwenye rejista ya kudumu ya chanjo, MOH 510, na muuguzi anaweza kunakili tarehe zote kwenye kijitabu kipya.