Barua moja kwa siku: dawa ya boksi la risiti

Sehemu ya pili

Wiki iliyopita tulieleza kazi ya mtunza vitabu inaanzia wapi na ya mhasibu inaanzia wapi. Leo tuingie dukani kwenyewe.

Ni tarehe 6 ya mwezi, jioni, Maili Moja, Kibaha. Duka la vifaa vya ujenzi linafungwa, vijana wanaingiza ndani ndoo za rangi na toroli. Kwenye meza ya nyuma, binti anayetunza vitabu vya duka hilo amemwaga boksi la viatu. Humo mna risiti za mashine ya EFD, vikaratasi vyenye mwandiko wa bosi, orodha ya nondo alizokopeshwa fundi, na stakabadhi za mafuta ya gari. Kesho tarehe 7 ndiyo mwisho wa kupeleka TRA kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, na bado hajajua kijana wa stoo alilipwa kiasi gani hasa, maana mwezi mzima alikuwa akichukua kidogokidogo.

Binti huyo nilimfundisha mimi. Debiti na krediti anazijua kama anavyoijua njia ya kwao, na darasani urari wake ulikuwa ukikubali mara ya kwanza. Hakukaa pale hadi saa mbili usiku kwa kukosa elimu. Amekaa kwa sababu siku yake haina mpangilio: risiti ya asubuhi inasubiri jioni, ya jioni inasubiri Jumamosi, ya Jumamosi inasubiri mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ndio huo umefika.

Kwa miaka mingi tumejaribu kulitibu jambo hili kwa semina. Mtu anaitwa ukumbini siku tatu, anapewa begi, kalamu na chai, anafundishwa kila kitu kuanzia hati ya malipo hadi mizania. Jumatatu anarudi kazini anakuta boksi ni lilelile na wateja wamejaa kaunta. Nimeendesha semina za namna hiyo, na nakiri kwamba mengi niliyoyasema hayakuvuka mlango wa ukumbi.

Kuna njia nyingine, ambayo walimu wa watunza vitabu huko Marekani, Uingereza na Australia wanaitumia sana siku hizi. Vijana wanaiita chalenji. Mtu anajiandikisha, kisha kwa siku tano, saba au hata thelathini anapata barua pepe moja kila asubuhi. Barua ni fupi, ina kazi moja tu, na kazi hiyo haizidi nusu saa. Jioni anajibu: nimefanya, au nimekwama hapa. Kesho yake inakuja nyingine iliyojengwa juu ya ile ya jana. Barua zenyewe huandikwa mapema, na programu ndiyo inayozituma kwa zamu, kila mtu kwa kuhesabu siku tangu alipoanza. Hakuna anayeshindana na mwenzake, kila mtu anashindana na mazoea yake.

Kwa nini kidogokidogo kwa siku tano kishinde kingi kwa siku moja? Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu, akaonyesha jinsi tunavyosahau haraka tulichojifunza, na kwamba kurudiarudia kwa kuachanisha muda hushikisha zaidi kuliko kurundika. Mtunza vitabu ana jambo la ziada. Anachojifunza hakikai kichwani peke yake, kinatakiwa kikae mikononi, saa ileile, meza ileile.

Msomaji asidhani hili ni jambo geni kwetu kwa kuwa tu limekuja na kompyuta. Sisi tuliwahi kulifanya kwa bahasha na redio. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na katika miaka hiyohiyo ya 1960 elimu ya ushirika ikaanza kuwafikia wanachama na makarani wa vyama huko huko vijijini, kwa masomo ya posta yaliyoambatana na vipindi vya redio na vikundi vya kujisomea. Karani alipokea somo, akafanya zoezi, akalirudisha kwa posta likasahihishwe. Mwaka 1963 huohuo, hapa Kibaha, nchi tano za Nordic zilianza pamoja na serikali yetu mradi uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, wenye shule, afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa Tanzania. Mji huu umezoea fikra kwamba elimu inaweza kumfuata mtu mzima kwenye kazi yake.

Halafu ikaja kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanaikumbuka. Kwa wiki 12 vikundi kote nchini vilikusanyika kuzunguka redio, kiongozi akasoma kijitabu, watu wakajadili. Washiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Naitaja hapa kwa sababu moja: kikao hakikuishia kwenye mazungumzo. Kikundi kilijadili malaria kisha kikaenda kufyeka majani na kufukia madimbwi, kikajadili kuhara kisha kikachimba choo. Kila wiki ilikuwa na kazi yake ya mkono. Hiyo ndiyo chalenji kamili, ila haikuwa na kompyuta.

Kwa hiyo nilipoamua kuwaandikia wanafunzi wangu wa zamani, wachache wa kuhesabika kwa vidole, baadhi Kibaha na baadhi Kisarawe, nilijiona nafuata nyayo za wazee wangu wa kazi. Nitaeleza barua hizo zilivyokuwa, kwa sababu ubora wa njia hii wote umo ndani ya barua.

Ya Jumatatu ilisema hivi: kuanzia asubuhi hii, kila risiti itakayoingia mkononi mwako iandike namba kwa kalamu, juu kulia, kisha iingize daftarini kabla hujaiweka chini. Za nyuma usiziguse. Basi.

Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Mtunza vitabu mwaminifu akiambiwa ajipange, huanza na boksi la zamani, kwa sababu ndilo linalomwumiza moyo. Anazama humo siku nzima, na risiti za leo zinageuka kuwa boksi jipya. Lazima kwanza mfereji uzibwe, maji ya ndani yatatolewa baadaye.

Niliongeza pia kwamba kila risiti ya EFD ipigwe picha au itolewe nakala siku hiyohiyo. Karatasi ya mashine ile huandikwa kwa joto, na kwa joto hufutika. Nimewahi kuona risiti zilizotundikwa kwenye msumari karibu na dirisha, miezi michache tu, zimebaki nyeupe kama sanda. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Mkaguzi akija mwaka wa tatu ukampa karatasi nyeupe, huna la kumwambia.

Barua ya Jumanne ilihusu droo. Katika biashara zetu ndogo fedha nyingi zinazopotea daftarini haziibiwi, zinachukuliwa na mwenye mali mwenyewe: elfu ishirini ya sokoni, elfu hamsini ya msiba, ada ya mtoto. Ni haki yake, mali ni yake. Lakini jioni droo ikipungua, anayeangaliwa ni mtunza vitabu. Binti wa miaka 24 atamwambiaje mzee mwenye duka kwamba asaini? Hapo kanuni za uhasibu hazimsaidii, anahitaji maneno. Nikamwandikia ya kusema: “Shikamoo mzee. Naomba kila ukichukua uniwekee saini kwenye daftari hili dogo, ili hesabu isije ikanilalia mimi, na wewe mwisho wa mwezi ujue umetumia kiasi gani nyumbani.” Kazi ya siku ilikuwa kununua daftari hilo, kulifunga kwa kamba kwenye droo, na kuyasema maneno hayo mara moja. Nilipata majibu mengi kwa barua hii kuliko zote. Mmoja aliandika kwamba mzee wake alicheka, akasaini, na jioni akaomba kuliona daftari.

Jumatano tulilinganisha vitabu na simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, biashara ya Kibaha ina mifuko mitatu: droo, benki na simu. Wengi wanafunga hesabu ya droo wanaisahau simu. Barua ilitaka jambo moja: chukua taarifa ya miamala ya jana peke yake, weka alama kwa kila muamala ulio daftarini, na makato yaandike peke yake kama gharama. Mteja akilipa 100,000 na ukaikuta pungufu baada ya makato, mauzo yako bado ni 100,000. Kosa hili dogo ndilo linalofanya salio la simu na salio la daftari yasikutane mwaka mzima.

Alhamisi ilikuwa rahisi: kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Tarehe 7, kodi ya mishahara. Tarehe 20, ritani ya VAT kwa aliyesajiliwa. Kisha zungushia siku tatu kabla ya kila tarehe, maana hiyo ndiyo tarehe yako halisi. Ijumaa, karatasi moja kwa bosi yenye mistari mitatu: tulichonacho, tunachodai, tunachodaiwa.

Kwa wenye biashara ndogo kabisa, wale wasiomwajiri mtu, daftari lenyewe lina thamani ya shilingi inayohesabika. Chukua viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo. Mwenye mauzo ya 5,000,000 kwa mwaka asiye na kumbukumbu kamili alitakiwa kulipa 100,000. Mwenye mauzo hayohayo, akiwa na kumbukumbu, alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi 4,000,000, yaani 30,000. Shilingi 70,000 imeokolewa na daftari. Fundi cherehani wa Mlandizi nilipompigia hesabu hiyo aliniomba nirudie mara mbili.

Sasa Kisarawe. Ukivuka milima ya Pugu unaingia kwenye mihogo na mikorosho, na vitabu vinabadilika. Karani wa chama cha msingi cha ushirika hana kaunta ya wateja wa kila siku. Ana msimu. Miezi ya mwisho wa mwaka magunia yanakuja kwa baiskeli na bodaboda, yanapimwa, yanapangwa kwa daraja, mkulima anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu kusubiri mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Fedha inarudi kwa mkulima kupitia akaunti yake ya benki. Jina la kwenye stakabadhi likiandikwa Mwanahawa na la benki ni Mwanaharusi, au tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, malipo yanarudi, na mama wa watu anasubiri wiki nzima fedha ya korosho zake mwenyewe.

Barua za duka hazimfai karani huyu. Nilimwandikia karani mmoja wa upande wa Mzenga, inakopita reli ya TAZARA, barua za aina nyingine, na nikazituma mwezi Agosti, kabla msimu haujaanza. Siku ya kwanza: chukua wakulima kumi tu, linganisha jina na namba ya akaunti na kadi ya benki, ana kwa ana. Siku ya pili, kumi wengine. Chalenji yake ilikuwa ya kazi moja inayorudiwa, hadi orodha iishe. Inachosha, lakini magunia yakishaanza kuingia nafasi hiyo haipatikani tena.

Wapo wanaoniuliza kwa nini isiwe kundi la WhatsApp. Jibu langu ni kwamba kwenye kundi barua ya saa moja asubuhi, ikifika saa tatu, imeshafunikwa na salamu, picha za harusi na matangazo ya misiba. Barua pepe inakaa mahali pake na ukiitafuta mwezi ujao utaipata. Hata hivyo sing’ang’anii chombo. Asiye na barua pepe apewe ujumbe mfupi wa simu, na barua yoyote iwe maneno matupu bila picha wala viambatisho, isije ikamla mtu bando.

Ninachong’ang’ania ni hiki: barua ya mafunzo haiulizi tarakimu za biashara ya mtu, wala majina ya wakulima, wala nywila. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili lina nguvu ya kisheria, ila hata bila sheria siri ya kitabu cha tajiri ni amana. Barua ikikuuliza salio la benki, haikutoka kwa mwalimu. Ifute.

Binti wa Maili Moja alinijibu Ijumaa ile saa kumi na moja jioni. “Shikamoo mwalimu. Za leo zote zimeingia. Sasa za kwenye boksi nizifanyeje?” Nikamwandikia barua ya sita ambayo sikuwa nimeipanga: toa kumi kila asubuhi kabla wateja hawajajaa, kuanzia za juu, yaani mpya kwenda za zamani, na isizidi kumi hata ukijisikia nguvu. Boksi bado lipo chini ya meza. Kwa hesabu yake litaisha kabla ya Ramadhani.

Itaendelea wiki ijayo: barua kwa mweka hazina wa VICOBA.