Mashine Inayoanza Yenyewe: Kelele ya Umeme Katika Karakana Zetu



Hapa Kolwezi, katika mitaa ya Dilala na Manika, hutembei mbali bila kuona cheche za mafundi wanaochomelea vyuma. Vijana wengi wa makanisa yetu wanapata mkate wao katika karakana hizo, au atelie kama tunavyozoea kusema. Tena wengi hujiundia vyombo vyao wenyewe: mashine ya kuchomelea iliyozungushiwa waya wa shaba kwa mkono, msumeno wenye mota ya zamani, drili inayoongozwa na kisanduku kidogo cha elektroniki. Akili hiyo ni zawadi ya Mungu.

Lakini kuna shida inayojulikana. Fundi mmoja anagusa chuma kwa elektrodi, na mara hiyo mashine ya mwenzake inasimama, inapoteza hesabu yake, au inaanza kuzunguka bila mtu kuiwasha. Wengine husema ina pepo. Haina pepo. Imesikia kelele ya umeme, na kelele hiyo ina njia zake.

Elektrodi ya milimita 2.5 hutumia takriban ampea 70 hadi 100. Mkondo huo hautoki polepole. Unaruka kutoka sifuri kwa kufumba na kufumbua, kisha unatetemeka muda wote cheche inapowaka. Chipu iliyo ndani ya kisanduku inafanya kazi kwa volti 5 au 3.3 tu. Kelele ya volti mbili inatosha kuidanganya kwamba mtu amebonyeza kitufe. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya spika za kwaya zikwaruze wakati jirani anachomelea.

Kelele inaingia kwa njia tatu.

Ya kwanza ni waya wa umeme wenyewe. Cheche ikiwaka, volti 220 za nyumba zinashuka ghafla, kisha zinaruka. Basi, mashine ya kuchomelea ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku kikuu cha umeme, isishiriki soketi na vyombo vya elektroniki. Kwenye mlango wa kisanduku cha mashine weka kichujio cha koili na kapasita. Kapasita hiyo iwe ya aina iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumba, si yoyote iliyotolewa katika redio ya zamani, maana inaweza kupasuka au kuwaka moto.

Sisi wa Kolwezi tuna mfano mkubwa wa kazi hii karibu nasi. Mwaka 1982 ilianza kazi njia ya umeme kutoka Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi. Umeme huo unasafiri kwa mkondo usiogeuka, na kituo cha hapa kwetu ndicho kinachougeuza uwe kama ule wa nyumbani. Kugeuza huko kunaleta kelele, kwa hiyo kituoni kuna koili na kapasita kubwa za kuichuja. Kinachofanyika kule kwa ukubwa, fundi anakifanya kwa udogo.

Njia ya pili ni hewa. Waya mbili za kuchomelea zikitandazwa mbalimbali, zinafanya duara kubwa linalorusha nguvu ya sumaku kila upande. Zilaze pamoja, zikishikana, ili nguvu ya moja iue ya nyingine. Waya wa vitufe usilale kando yake. Ukilazimika kukutana nao, upite kwa kukata msalaba.

Njia ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi: chuma. Mkondo ukitoka lazima urudi. Ukifunga kibano cha kurudishia mbali, kwenye mguu wa meza, mkondo utatafuta njia yoyote, hata kupitia mwili wa drili na waya wake wa ardhi. Waya huo unaweza kuungua. Funga kibano juu ya kipande chenyewe unachochomelea, karibu na cheche. Na usikate kamwe waya wa ardhi ili kunyamazisha kelele. Ndio unaomlinda mtu asiuawe na umeme.

Ili kujua njia ipi inakusumbua, lisha kisanduku kwa betri na mota iwe imetolewa. Kelele ikiisha, ilikuwa inapita katika waya wa umeme. Isipoisha, sogeza waya za kuchomelea, kisha hamisha kibano, jambo moja kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, hakuna kichujio kinachozuia kila kitu. Kwa hiyo mashine yenye meno isitegemee chipu peke yake kwa usalama. Kitufe cha dharura kikate umeme wa mota chenyewe, kwa waya, bila kuomba ruhusa ya elektroniki. Tumia pia kontakta inayojiachia umeme ukikatika, ili umeme ukirudi msumeno usizunguke mpaka mtu abonyeze tena. Na anayebadilisha diski achomoe plagi kwanza. Mara nyingi mkono ulio karibu na diski ni wa kijana mwanafunzi, na vidole havioti tena.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Aliyejenga ndiye anayeulizwa, hata kama aliyeanguka alikosa uangalifu. Anayejiundia mashine naye ni mjenzi. Wazee na viongozi wa vijana, mkitembelea karakana wiki hii, ulizeni swali moja: kitufe cha kusimamisha kiko wapi, na kinakata nini?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.