Kunakili Faili Nyumbani: Soma Namba Kabla ya Kununua Ruta

Nyumba ina kompyuta mbili, moja sebuleni na nyingine chumbani. Mwenye nyumba anahamisha video ya harusi yenye gigabaiti 20 kutoka hii kwenda ile, na nusu saa inapita kazi haijaisha. Anapiga simu kwa kampuni ya intaneti, anaomba bando kubwa zaidi, analipa. Kesho yake faili inatambaa vilevile.

Bando halihusiki hapa. Faili inayotoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya nyumba haitoki nje. Inafika kwenye ruta na kugeuka. Hata intaneti ikikatwa, kunakili kunaendelea. Kasi inategemea diski inayosomwa, njia ya kupita, ruta au swichi iliyo katikati, na diski inayoandikwa. Kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua. Na udhaifu huo mara nyingi hujitaja wenyewe kwa namba unayoiona kwenye dirisha la kunakili.

Tuweke sawa vipimo kwanza. Ruta na kebo hupimwa kwa megabiti, ilhali dirisha la kunakili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hauwezi kuvuka megabaiti 12.5, na kwa kuwa sehemu ya nafasi huliwa na taarifa za usafirishaji, utaona 11 hivi. Mtandao wa gigabiti moja hutoa karibu 110. Ile video ya harusi itachukua nusu saa kwenye mtandao wa kwanza na dakika tatu kwenye wa pili.

Ukiona 11 iliyotulia, haipandi wala haishuki, basi mahali fulani njiani kuna kitu kinachokwenda kwa megabiti 100. Mtuhumiwa wa kwanza ni ruta, kwa sababu nyingi za bei nafuu zina matundu yanayoishia hapo. Si lazima uitupe. Nunua swichi ndogo ya gigabiti, chomeka kompyuta zote mbili humo, kisha vuta kebo moja kutoka kwenye swichi hadi kwenye ruta.

Mtuhumiwa wa pili ni kebo. Mtandao wa megabiti 100 hutumia nyaya nne tu kati ya nane zilizomo. Gigabiti inazitaka zote. Waya mmoja ukikatika, vifaa vinaweza kushuka hadi 100 kimyakimya, taa zikiendelea kuwaka kama kawaida. Shika kichwa cha kebo uelekeze kwenye mwanga. Plastiki yake hupitisha mwanga, kwa hiyo utaona kama nyaya zote nane zimefika mwisho na kukaa chini ya meno ya shaba, au kama kuna mmoja uliobaki nyuma fundi alipokibana. Angalia pia kile kishikizo kidogo cha juu. Kikivunjika, kichwa hulegea tunduni. Kebo iliyoandikwa Cat5e inatosha kwa gigabiti hadi mita 100, hivyo usishawishiwe kununua ya bei kubwa zaidi kwa ajili ya sebule na chumba.

Namba inayorukaruka, mara 2, mara 6, mara 3, kwa kawaida ni ya Wi-Fi. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kwenye majengo ya ghorofa majirani wote wanazigombania. Zaidi ya hayo, kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi ya masafa yaleyale, kila kipande cha faili husafiri hewani mara mbili: kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta. Kuunganisha kompyuta moja tu kwa kebo kunaweza kukaribia kukuongezea kasi maradufu. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, lakini kuta za matofali huyadhoofisha upesi.

Ukikwama kwenye 30 au 40 huku unaandika kwenye diski ya nje, shuku tundu au waya wa USB 2.0. Na kasi ikianza juu kisha ikaporomoka baada ya muda mfupi, ni kwamba kumbukumbu ya kompyuta ilipokea mzigo wa mwanzo, sasa diski inaonyesha uwezo wake halisi. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utazame matumizi ya diski. Ikiwa imefika asilimia 100 na mtandao umepoa, tatizo si mtandao.

Folda yenye maelfu ya faili ndogo ina kisa chake. Kila faili hufunguliwa, huandikwa, hufungwa na kuthibitishwa, tena mara nyingi hukaguliwa na programu ya kukinga virusi. Ni sawa na duka linaloandika risiti kwa kila pipi. Zifungashe zote kuwa faili moja ya zip kabla ya kuzituma.

Ukitaka kuipima njia peke yake bila kugusa diski, tumia iperf3, programu ya bure. Ikikupa karibu megabiti 940 ilhali kunakili kunasuasua, acha kuilaumu kebo.

Kuna ushauri mmoja wa kukataa: kuwasha tena SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikisha faili. Tundu la usalama lililokuwemo ndilo lililoisambaza programu hasidi ya WannaCry duniani Mei 2017, na SMB1 haitaiponya kebo mbovu wala diski iliyochoka.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, nakili faili ileile, andika namba. Isipopanda, rudisha kama ilivyokuwa uende kwenye hatua inayofuata. Pesa zikutoke pale tu utakapokuwa umejua ni kifaa gani kinachokuchelewesha.