Swali lilifika Kasongo, jibu halikufika: namna vyombo vya habari vinavyoonyesha transjenda

Ikiwa uko na simu yenye WhatsApp, huenda umekutana na kipande hiki. Mtangazaji wa televisheni anamwangalia mgeni wake, anamuuliza kwa Kiingereza: juu ya nini uko shoga? Mgeni naye anauliza: nani amesema niko shoga? Kipande kinakatwa hapo. Watu wanacheka, wanakituma kwa wengine. Kimegeuzwa stika, kimegeuzwa muziki, kimezunguka dunia nzima.

Wengi wanafikiri ni mchezo wa kuigiza. Sivyo. Ni mazungumzo ya kweli ya kipindi cha asubuhi cha NBS, televisheni ya Kampala, Uganda, mwezi wa 12 mwaka 2012. Mtangazaji ni Simon Kaggwa Njala. Mgeni ni Pepe Julian Onziema, mtetezi wa haki za binadamu, na ni transjenda.

Swali lake lilifika mpaka huku kwetu. Majibu yake ya siku ile karibu hakuna aliyeyasikia. Katika makala hii tunaeleza namna jambo hilo linavyotokea, na kwa nini linatuhusu hata sisi wakaaji wa Kasongo na Kabambare.

Transjenda ni nani?

Mtoto akizaliwa, mkunga anaangalia mwili na kusema: ni mvulana, ama ni msichana. Hilo ndilo linaloandikwa kwenye karatasi. Watu wengi wanakua wakijisikia vilevile walivyoandikwa. Wachache hawajisikii hivyo. Aliandikwa msichana, lakini yeye anajijua kuwa mwanaume. Ama aliandikwa mvulana, naye anajijua kuwa mwanamke. Hao ndio wanaoitwa transjenda. Wengine wanatafuta matibabu ili mwili ufanane na wanavyojijua, wengine hapana. Onziema aliandikwa msichana, anaishi kama mwanaume.

Huku kwetu mambo matatu yanatiwa katika gunia moja. Neno shoga linahusu mtu unayempenda: mwanaume anayependa mwanaume. Transjenda inahusu wewe mwenyewe ni nani. La tatu ni huntha, mtu aliyezaliwa na mwili wenye alama za kike na za kiume pamoja, ama alama zisizo wazi. Huntha si jambo lililoletwa na intaneti. Wanazuoni wa fikihi waliandika juu yake tangu karne nyingi: atasimama safu gani katika sala, atapata fungu gani katika mirathi. Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019, ikapata watu 1,524.

Mchanganyo huu una bei yake. Chukua mama aliyejifungua mtoto huntha katika kijiji cha mbali. Kila siku anasikia redioni maneno haya matatu yakisemwa kama tusi moja. Huyo mama hatampeleka mtoto kwa daktari. Atamficha.

Kicheko kinatengenezwa namna gani?

Turudi kwenye kipindi cha Kampala, tukiangalie kama fundi anavyofungua redio iliyoharibika.

Kwanza, swali lenyewe lilikuwa limekwisha kutoa hukumu. Lilimpa mgeni jina ambalo si lake, kisha likamtaka ajitetee. Ni kama kumuuliza mtu mbele ya watu: juu ya nini uliiba? Hata akikataa, wasikilizaji wanabaki na neno wizi masikioni.

Pili, maisha ya mtu yaligeuzwa kuwa mashindano. Katikati ya kipindi aliingia mchungaji Martin Ssempa, mpinzani mkali, akiwa amebeba mboga na matunda ili kuonyesha anachofikiri watu hao wanafanya chumbani. Kuanzia hapo mgeni hakuweza tena kueleza lolote kwa utulivu. Onyesho la mboga lilikula kipindi.

Tatu, mkasi. Mazungumzo marefu yalikatwa yakabaki sekunde chache. Aliyekata alichagua mahali panapochekesha. Wewe unayepokea hujui nini kilisemwa kabla, wala nini kilisemwa baadaye.

Si kwamba kucheka ni kosa. Mwezi wa 6 mwaka 2014, Onziema huyohuyo alizungumza na John Oliver, mchekeshaji wa televisheni ya Marekani. Watu walicheka vilevile. Lakini mgeni alipewa nafasi ya kueleza namna watu kama yeye walivyokuwa wakiishi chini ya sheria mpya ya Uganda ya mwaka ule. Mgeni ni yuleyule. Kilichobadilika ni yule anayeuliza, na kile anachotaka kusikia.

Kutoka kicheko mpaka hatari

Kuna sehemu ya habari hii ambayo stika haionyeshi. Onziema alikuwa amekwisha kukutana na vyombo vya habari kwa namna nyingine, na kwa namna mbaya zaidi.

Tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka 2010, gazeti moja dogo la Kampala liitwalo Rolling Stone, ambalo halina uhusiano na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga. Kwenye ukurasa wa mbele liliandika kwamba wanyongwe. Watu watatu walikwenda mahakamani: Kasha Jacqueline, David Kato na Pepe Onziema. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2010, Mahakama Kuu iliamua kwamba gazeti lilivunja haki yao. Kila mmoja alipwe shilingi za Uganda 1,500,000, na gazeti lisirudie.

Jaji alieleza jambo ambalo kila mwanahabari angelishika. Alisema kesi haikuwa juu ya ushoga kuwa mzuri ama mbaya. Ilikuwa juu ya heshima ya mwanadamu na siri ya maisha yake na nyumba yake. Hizo ni haki za kila mtu, hata yule usiyempenda.

Tarehe 26 mwezi wa 1 mwaka 2011, hata mwezi mmoja haujapita, David Kato aliuawa nyumbani kwake Mukono. Mahakama ilimfunga mtu mmoja miaka 30. Polisi walisema kifo hicho hakikuhusiana na kazi yake ya utetezi. Wenzake walikuwa na mashaka. Sisi hatutasema kwamba gazeti ndilo lilimuua. Tunasema tu lile lisilo na ubishi: kabla ya kufa kwake, picha yake ilikuwa imeuzwa barabarani pamoja na neno la kumnyonga.

Kasongo haina magazeti ya namna hiyo. Lakini kwenye mji mdogo picha haihitajiki. Ukisema redioni “kijana mmoja fundi cherehani karibu na soko”, hukutaja jina, lakini mtaa mzima umekwisha kumjua. Ukitaja kanisa anakoimba ama lupango anakopanga, umewaonyesha watu mlango. Kwenye machimbo ya Kabambare, kule Namoya na Salamabila, watu wanatoka pande zote na hawajuani. Uvumi unakwenda mbio kuliko moto, na wenye silaha nao wanasikiliza redio. Kwetu, maelezo ya mtu ni sawa na jina lake.

Wenyewe wanapozungumza

Kuna habari nyingine zilizoelezwa vizuri, na watu wakaelewa bila mapambano.

Kenya, Audrey Mbugua aliandikwa mvulana alipozaliwa, akasoma, akafaulu vizuri mtihani wa kumaliza sekondari. Baadaye alianza kuishi kama mwanamke. Taabu yake ikawa karatasi. Diploma ilikuwa na jina la kiume, na aliyesimama mbele ya mwajiri ni mwanamke. Alikwenda mahakamani, na tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani kubadilisha jina kwenye cheti na kuondoa alama ya jinsia. Mwezi wa 7 wa mwaka uleule, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamuru chama chake cha kuelimisha juu ya transjenda kiandikishwe na serikali.

Habari hiyo, mtu wa Kasongo anaielewa upesi. Nani kwetu hajui taabu ya jina moja kwenye diploma ya Leta na jina lingine kwenye kadi ya kuchagua? Hata Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inaruhusu mtu kuomba kubadilisha jina mbele ya tribinali akiwa na sababu ya haki. Mwanahabari aliyeanza na diploma aliwapa wasomaji mlango wa kuingilia. Aliyeanza na mwili wa Mbugua aliwapa kitu cha kuchungulia.

Uganda, Cleopatra Kambugu naye alianikwa na gazeti, akalazimika kuhamia Kenya pamoja na mchumba wake. Kisha yeye mwenyewe alikubali kupigwa filamu katika maisha ya kila siku. Ilianza kama vipande vifupi vya intaneti, ikawa filamu nzima mwaka 2016, The Pearl of Africa. Humo watu wawili wanapendana, wanahama, wanahangaika na hospitali. Gazeti lilimuonyesha mara moja akiwa kama kioja. Filamu ilikaa naye mpaka mtazamaji akamzoea.

Lugha yetu inatusaidia

Mwanahabari anayesoma habari kwa Kifaransa analazimika kuchagua tangu neno la kwanza: ni mwanaume ama ni mwanamke? Kiswahili hakilazimishi. “Yeye amefika, amesema, ameondoka.” Unaweza kueleza maisha yote ya mtu bila kumkosea. Shida inaanza tukisema Bwana, Mama, kaka ama dada. Hapo dawa ni moja: muulize mwenyewe anaitwa nani. Hata yule mtangazaji wa NBS, kabla ya swali lake maarufu, alimuuliza mgeni kama amuite Bwana. Angelifuata njia hiyo mpaka mwisho, tungekuwa na mazungumzo mengine.

Sheria ya Kongo inasema nini?

Katiba ya mwaka 2006, kwenye kifungu cha 40, inazungumzia ndoa kati ya watu wa jinsia tofauti. Kwenye kifungu cha 16 inasema mwanadamu ni mtakatifu, na Leta ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya siri ya kila mtu na siri ya mawasiliano yake. Vifungu hivi vyote viko katika kitabu kimoja, na hakuna kinachofuta kingine.

Kwa upande wa redio na televisheni, kuna CSAC, baraza lililowekwa na sheria ya mwaka 2011 kusimamia vyombo vya habari. Kwa upande wa simu, kuna Sheria ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, ambayo inamwadhibu mtu anayeanzisha ama kusambaza habari ya uongo juu ya mwenzake kwenye mitandao. Kwa hiyo “mimi nilituma tu” si jibu la kumpa mwendesha mashtaka wa parke.

Kueleza ni kuhubiri?

Wasikilizaji wengine watauliza: ninyi redio mnatangaza mambo hayo? Hapana. Parokia ina mafundisho yake, msikiti una yake, na kila mzazi ana neno la kuwaambia watoto wake. Kazi ya redio ni ndogo zaidi, lakini ni ngumu: kusema jambo lilivyo, kutumia neno linalofaa, na kutomkabidhi mtu kwa wenye mawe mkononi. Hata anayeamini kwamba transjenda anakosea anahitaji kujua anazungumza juu ya nini.

Kwa mwanahabari, kabla ya kurusha habari ya namna hii: je, mwenyewe amekubali, na anajua itasikiwa mpaka wapi? Je, kazi yake, mtaa wake na sauti yake vimefichwa ikiwa ameomba? Je, swali lako linatafuta jibu, ama linatafuta kicheko? Na kipindi kikiisha, yeye atalala wapi usiku huo?

Kwa wewe mwenye simu, jambo ni fupi zaidi. Ile stika ya Kampala imekwisha kuzunguka; mwenyewe anajulikana, na amejifunza kuishi nayo. Lakini siku ukipokea video ya kijana wa hapahapa, anachekwa kwa namna anavyotembea ama anavyovaa, usiitume kwa yeyote, hata kwa rafiki mmoja. Ifute. Kisha mwambie aliyekutumia kwamba kwako imeishia.