Maji yakitokota, epua sufuria

Mama mmoja wa hapa Kambu aliniletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa akiharisha kwa siku ya tatu. Macho yalikuwa yamebonyea, na ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Tulimpa dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini pamoja na tembe za zinki, akapata nafuu. Nilipomuuliza mama kama huchemsha maji ya kunywa, alijibu: "Nilikuwa nachemsha, daktari. Mlituambia dakika ishirini. Makaa yakanishinda."

Hakudanganya. Kwa miaka mingi sisi wahudumu wa afya, mimi nikiwemo, tumewahimiza watu wachemshe maji dakika kumi, wengine ishirini, kana kwamba makaa huokotwa njiani. Matokeo yake ni kwamba wengi huchoka, wakaacha kabisa.

Ukweli ni kuwa viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi mengi ya kuhara hufa hata kabla maji hayajatokota. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yafikie kutokota kikamilifu, kisha yaepuliwe na kuachwa yapoe yenyewe. Usidanganywe na mvuke wala viputo vidogo vya pembeni. Ngoja mapovu makubwa yapande kutoka chini na maji yote yachafuke. Hapo yatosha. Funika sufuria tangu mwanzo, nayo makaa yatapungua zaidi. Kisha yaweke katika chombo safi chenye mdomo mwembamba, maana kikombe kichafu kikitumbukizwa humo, kazi yote imepotea.

Aliyekosa makaa kabisa atumie dawa ya klorini. Hutiwa katika mtungi wa lita 20 kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na kungojwa dakika 30. Maji ya visima vya mchangani yakiwa na tope, yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza.

Jua nalo Kambu halina bei. Jaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, na uilaze juu ya mabati kwa saa sita. Mawingu yakitanda, iache siku mbili. Njia hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai kule Kajiado, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1996. Waliokunywa maji ya chupa zilizoanikwa juani waliharisha kidogo kuliko wale ambao chupa zao ziliwekwa ndani. Tofauti haikuwa kubwa sana, lakini ilikuwepo.

Hata hivyo, hakuna hata moja ya njia hizi inayoondoa chumvi au floridi, ile inayotia meno madoa ya kahawia. Kuchemsha kwa muda mrefu huizidisha, kwani maji hutoka kwa mvuke na floridi hubaki. Mwenye maji ya kisima kirefu na ya mvua awawekee watoto yale ya mvua. Milimita 10 za mvua juu ya mabati ya mita 30 za mraba ni kama mitungi 15. Maji ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege yaache yamwagike.

Lakini sufuria inayokula makaa kuliko zote si ya maji, ni ya isyo. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, na maji hayo umwagilie sukuma wiki. Ukitaka kumalizia kupika ndani ya kikapu kilichoshonewa blanketi kuukuu, vizuri, ila kwanza yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi. Maharagwe mekundu yana sumu ambayo joto la chini haliiondoi, nayo hutapisha vibaya.

Usibanie pesa kwa kupika mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka wa 2004 sumu ya aflatoksini iliwapata watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Wala usiingize jiko la makaa chumbani usiku ili joto lisipotee bure, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama sinia yaweza kufunika sufuria, maana kifuniko chake kilipotea zamani. Yaweza.