Kimeng'enya kinachochochea mwili kujishambulia

ASKARI wa mwili wanapokosea shabaha, hugeuka kuwa maadui wa nyumba waliyotumwa kuilinda. Ndivyo hutukia katika soriasisi, maradhi yanayoifanya ngozi ivimbe na kubambuka magamba, na katika baridi yabisi inayoharibu viungo.

Miongoni mwa wachochezi wa vita hivyo ni kimeng'enya kiitwacho TYK2, kilichomo ndani ya seli za kinga. Seli moja inapotaka kuitahadharisha nyingine, hutoa ujumbe wa kemikali. Ujumbe huo hauingii katika seli inayoupokea, bali huishia kwenye utando wa nje, kama mgeni aliyebisha hodi. TYK2, kikiwa bawabu upande wa ndani, huupokea na kuanzisha safari ya kuufikisha kwenye kiini, ambako jeni za mapambano huamshwa.

Wapo watu waliorithi jeni yenye hitilafu ndogo inayokilegeza kimeng'enya hicho. Imebainika kwamba hawapatwi kwa urahisi na soriasisi, lupasi wala baridi yabisi. Je, hiyo si bahati?

Si bahati tupu. Mwaka wa 2018, watafiti walionyesha kwamba aliyeirithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, hali inayompata takriban Mzungu mmoja kati ya 600, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu. Bawabu aliyelegea hafikishi vyema amri ya kutengeneza silaha za kuangamiza viini vya maradhi hayo. Uchunguzi wa masalia ya Wazungu wa kale, uliotolewa 2021, uliashiria kwamba jeni hiyo imepungua sana barani Ulaya katika miaka 2,000 iliyopita. Yamkini kifua kikuu kiliwafagia wengi walioibeba.

Suala hili sasa limefika kwenye meza ya daktari. Septemba 2022, Marekani iliidhinisha deucravacitinib, vidonge vya soriasisi vinavyokizuia TYK2 makusudi. Maagizo yake yanataka mgonjwa apimwe kwanza kifua kikuu. Kwa Kenya, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya 2021 hadi 2025 ya mataifa 30 yanayolemewa zaidi na kifua kikuu, sharti hilo si la kupuuzwa. Mtu aweza kubeba viini vilivyolala kwa miaka bila hata kukohoa. Huyo hutakiwa kuanza kutibiwa kifua kikuu kabla ya kumeza kidonge cha ngozi.